Kutoka karabai mpaka betri: historia ya taa za dagaa Kibirizi

Mitihani imepita, usingizi umerudi, basi leo nawawekea historia kidogo ya kwetu Kigoma. Dagaa mnaowagombania kantini wana historia, na historia yao ni ya taa.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, maana wanafuata mwanga. Zamani wazee waliwasha moto wa kuni mtumbwini wakawachota kwa lusenga, wavu wa mkono. Miaka ya 1950 ikaja karabai. Ilikunywa mafuta ya taa kweli kweli, lakini ikifa ilibaki bati tu. Siku hizi Kibirizi kuna taa za LED na betri za kuchaji, nyingine kwa sola. Moshi hakuna, mafuta hakuna. Safi sana!

Ila betri ikifa inaenda wapi?

Betri ya risasi na tindikali aliibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, mwaka mmoja tu baada ya Burton na Speke kufika Ujiji. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi huyeyushwa ikatumika tena. Ndio maana watu wa vyuma chakavu wanaipima kwa kilo. Kwa hiyo mnunuzi yupo, swali ni yeye anaipeleka wapi. Kwenye kiwanda chenye kibali, sawa. Ikipasuliwa uani, maji ya betri yanamwagwa pale watoto wanapocheza, mvua inayashusha ziwani. Na ziwa letu lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, kule Kongo. Kinachoingia kinakaa.

Msidhani natisha watu. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilisimama 2014 baada ya wakazi kukutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi pale na mwanawe akaugua, ndiye aliyeongoza mapambano. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024. Na kile kilikuwa kiwanda, sio uani kwa mtu.

Mimi naona hivi: anayeuza betri mpya apokee ile mbovu, nzima, bila kumwaga maji yake. Reli ilifika Kigoma 1914. Behewa linaloleta mpya lirudi na mbovu.

Wana Kigoma wenzangu, mnasemaje?