Kibadala: badala ya nini?

Ubongo ni asilimia 2 hivi tu ya uzito wa mwili, lakini takriban robo ya lehemu (kolesteroli) yote ya mwili imo humo. Wala haikutoka sahanini. Lehemu ya kwenye damu haivuki kizuizi kinachoutenga ubongo na damu, kwa hiyo ubongo hujitengenezea yake. Kwa mtu mzima, kazi hiyo hufanywa zaidi na astrositi, seli zenye umbo la nyota, kisha neuroni hupelekewa. Mafuta, lehemu ikiwemo, hayasafiri majini peke yake, yanataka mchukuzi. Mchukuzi mkuu ni apolipoprotini E, mnyororo wa asidi amino 299.

Mchukuzi huyu ana sura tatu zilizoenea: E2, E3 na E4. Tuziiteje? Wengine husema aina, neno lililokwisha kubebeshwa kila kitu, kuanzia mchele hadi magari. Toleo linanukia kiwanda cha uchapaji. Mimi nashika kibadala, maana ndani yake mna badala, na kilichotokea ni hicho hasa: katika nafasi ya 112 ya mnyororo, E3 ina sisteini, E4 ina arginini badala yake. E2 inatofautiana na E3 katika nafasi ya 158: sisteini badala ya arginini.

Asidi amino moja, na mzigo unayumba. E4 hupakia mafuta machache kuliko wenzake. Kwa wenye E4, katika oligodendrositi, seli zinazozifunika nyuzi za neva kwa mielini, lehemu hurundikana ndani ya seli, na mielini ikapungua. E4 ilihusishwa na ugonjwa wa Alzheimer mwaka 1993, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Lakini si hukumu: wapo wenye E4 wanaozeeka na akili zao timamu, na kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, uhusiano huo umeonekana dhaifu kuliko kwa Wazungu.

Neno langu lina kasoro moja. Kibadala hudai kuwepo kwa asili, na kwa kuwa E3 ndiyo imeenea zaidi duniani, wengi huidhania kuwa ndiyo asili. Kumbe sokwe wana arginini katika nafasi ya 112, kama E4. E4 ndiyo kongwe. Kwa haki ya lugha, basi, kibadala ni E3.