Mali Bila Daftari: Hesabu Katika Historia ya Ushirika wa Kusini

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho msomaji ataona picha za maghala, majina ya viongozi, na maelezo ya kazi zilizotendwa na Chama chetu Kikuu katika miaka yake kumi. Hayo yote yastahili kuandikwa. Lakini twaona kuwa sherehe hii haitatimia ikiwa hatukusema neno juu ya kazi isiyopigwa picha, nayo ni hesabu. Kila gunia la korosho lililopita mikononi mwetu lilipita pia katika daftari. Na mara nyingi mkulima alipata haki yake, au aliikosa, si shambani wala mnadani, bali katika mstari mmoja wa tarakimu. Wazee walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Makusudi yetu ni kuonyesha jinsi methali hiyo ilivyothibitika katika nchi hii ya Mtwara, Mikindani na mwambao wa mlango wa Ruvuma, ili vijana wanaojifunza hesabu za biashara na takwimu wajue kuwa maswali yaliyomo katika masomo yao ndiyo yaliyowasumbua baba zao.

VIPIMO VYA WAZEE

Asidhani mtu kuwa hesabu ililetwa pwani hii na meli za Wazungu. Mikindani ilikuwa bandari ya majahazi muda mrefu kabla ya Wajerumani kujenga Boma lao huko mwaka 1895. Nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili vilikuwa kisaga, na vibaba vinne vilikuwa pishi. Bidhaa za thamani, kama vile pembe na sandarusi, zilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35 hivi, karibu na kilo 16. Aliyeuza kwa kipimo kimoja na kununua kwa kingine hakuwa na budi kujua kubadili, tena kwa kichwa, mbele ya mwenzake aliyekuwa akimtazama usoni.

Kadhalika madrasani watu walijifunza elimu ya mirathi, ambayo yote ni hesabu ya sehemu. Tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Baada ya gharama za maziko na madeni kulipwa, zimebaki reale 2,400. Mke hupata thumni, yaani 300. Zilizobaki ni 2,100, nazo hugawiwa ili mwana wa kiume apate mara mbili ya binti: mafungu ni manne, kila fungu ni 525, basi kijana hupata 1,050, na kila binti 525. Msomaji na auangalie utaratibu huu: kwanza makato, kisha gawio, na mwisho kujumlisha tena ili kuona kama jumla yarudi pale ilipoanzia. Karani wa chama cha msingi leo hafanyi zaidi ya hayo.

Fedha nazo zilibadilika badilika. Rupia ya Wajerumani ilikuwa na pesa 64 hata mwaka 1904, ilipogawanywa upya kuwa heller 100. Na baada ya Vita Kuu ya kwanza ikaja shilingi ya Waingereza yenye senti 100. Kila sarafu ilipobadilika, asiyejua kubadili upesi alikuwa mikononi mwa anayejua.

Tena wazee walikuwa na bambo, yaani chuma kile chenye ncha na mfereji, kinachochomwa katika gunia ili kutoa punje chache za kutazama. Mnunuzi hakumwaga gunia zima. Alichoma juu, akachoma kati, akachoma chini, na kwa punje hizo chache alihukumu gunia lote. Mwenye kuchoma juu tu alijidanganya mwenyewe. Jambo hilo ndilo ambalo wanafunzi wa takwimu hulisoma kwa jina la sampuli, na twaomba walikumbuke, kwa maana mji wetu wa Mtwara ulizaliwa kutokana na bambo lililochomwa vibaya.

MTWARA NA HESABU YA KARANGA

Baada ya vita ya mwaka 1939 hadi 1945 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa Afrika ya Mashariki kutazama kama karanga zaweza kulimwa kwa mashine juu ya eneo kubwa. Ujumbe ulizunguka kwa muda wa wiki 9, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani kwa ndege. Wakapendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, yaani ekari 3,210,000 kwa jumla, na gharama ya karibu pauni milioni 24. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikusudiwa kuwa hapa Kusini, upande wa Nachingwea. Na kwa sababu hiyo ilionekana lazima kujenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda bara.

Mtu yeyote aweza kuzidisha 107 kwa 30,000 na kuona kuwa jawabu ni sahihi. Hakuna aliyekosea kuzidisha. Kosa lilikuwa katika tarakimu zilizoingizwa. Kongwa, ambako kazi ilianza mwaka 1947, mvua haikuaminika, na wastani wa mvua ulificha miaka ya ukame. Udongo wake ni wa mfinyanzi, ambao jua likiupiga hukauka ukawa mgumu kama saruji. Katika mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopatikana zilikuwa kama 7,500 tu, yaani 5 katika kila 100. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Hasara ilipita makadirio yote ya gharama.

Nahodha wa Msangamkuu angeweza kuwafundisha jambo moja wale waliopanga kwa wastani. Yeye hatii nanga kwa kuuliza kina cha maji ni kiasi gani kwa wastani wa siku. Huuliza maji yatapwa hadi wapi. Akitegemea wastani, bamvua litamwacha chombo chake juu ya mchanga. Wastani ni habari njema, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni jinsi mambo yanavyopanda na kushuka kuuzunguka wastani huo.

Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, ambapo karanga zilizokusudiwa kupita hapo hazikuwako. Reli ilifungwa mwaka 1962. Lakini bandari ilibaki, na zao ambalo halikuwamo katika hesabu ya wakubwa wale, yaani korosho ya mkulima mdogo wa Makonde, ndilo lililokuja kuipa kazi.

USHIRIKA NA UPUNGUFU WA MAKARANI

Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa Tanganyika mwaka 1932. Mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliandikisha chama chao kikuu, na hapa Kusini Wangoni na Wamatengo wa Songea waliunda chao cha tumbaku mwaka 1936. Baada ya Uhuru vyama viliongezeka kwa haraka mno, kuliko haraka ya kuwapata watu wa kuandika vitabu vyake. Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka 1963, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Lakini karani hafundishwi kwa siku moja.

Mwaka 1966 Tume Maalum ya Rais ilichunguza mwenendo wa vyama. Pamoja na ubadhirifu, iligundua mambo mawili yanayotuhusu hapa: watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na wanachama hawakuarifiwa vya kutosha habari za mali yao wenyewe. Twasisitiza jambo la pili. Mwizi mmoja aweza kufukuzwa. Lakini chama ambacho wanachama wake hawawezi kukagua hesabu hakina mlango wa kumzuia mwizi wa pili. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vilivunjwa nchini kote, na kazi zake zikapewa mashirika ya serikali. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Sisi tunaosherehekea miaka kumi yapasa tukumbuke kuwa chama cha ushirika chaweza kufa, na kwamba maradhi yake huanzia daftarini.

Katika muda huo zao lenyewe lilipanda na kushuka. Msimu wa 1973/74 taifa lilikusanya tani 145,000 hivi za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 17,000. Walikuwako waliosema sababu ni bei, wengine kuhamishwa kwa watu vijijini mbali na mikorosho yao, na wengine ugonjwa wa ubwiriunga. Zote zilikuwa sababu, na tarakimu moja ya tani peke yake haiwezi kusema kila sababu ilichangia kiasi gani. Ilihitaji utafiti, na kituo cha Naliendele kilifanya kazi kubwa katika kutafuta dawa ya ubwiriunga. Msimu wa 2017/18 zilipatikana zaidi ya tani 313,000.

Hapa pana somo kwa kila anayeandika taarifa ya chama. Akianza kuhesabu kutoka tani 17,000, atasema zao limeongezeka mara 18. Akianza kutoka tani 145,000, atasema limeongezeka mara mbili na kidogo. Yote mawili ni kweli, lakini hayasemi jambo moja. Basi msomaji wa kitabu hiki cha ukumbusho naye ana haki ya kutuuliza, kila tunapojisifu kwa asilimia, tumeanzia mwaka upi na kwa nini.

MASWALI MAWILI YA KUFANYIA KAZI

Mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika korosho mkoani Mtwara. Mkulima hupeleka mali yake katika chama cha msingi, hupimwa, hupewa stakabadhi, na mali huuzwa mnadani. Kabla ya hapo, na hata baadaye kwa siri, wengi waliuza kwa kangomba, yaani kipimo cha bakuli kinachohesabiwa kuwa kilo moja ijapokuwa huchukua zaidi. Tutoe maswali mawili; tarakimu zake ni za mfano tu.

La kwanza. Bakuli la mnunuzi huchukua kilo moja na robo, naye hulipa kama kilo moja. Mkulima ameuza mabakuli 100. Amepoteza sehemu gani ya mali yake? Wengi hujibu upesi: robo. Sivyo. Alitoa kilo 125 akalipwa kilo 100. Zilizopotea ni 25 katika 125, yaani moja ya tano, au asilimia 20. Faida ya mnunuzi ndiyo asilimia 25, kwa kuwa yeye huhesabu juu ya zile 100 alizolipa. Kilo ni zile zile 25, asilimia ni mbili, kwa sababu misingi ni miwili. Bei ikiwa shilingi 2,000, kilo hizo ni shilingi 50,000, ambazo zingetosha kumnunulia mtoto daftari nyingi za kujifunzia hesabu hii.

La pili. Mwanachama ameuza kilo 400 katika mnada wa kwanza kwa shilingi 2,100, na kilo 100 katika mnada wa pili kwa shilingi 1,800. Wastani wa bei yake ni ngapi? Mwenye haraka atajumlisha 2,100 na 1,800, agawanye kwa mbili, apate 1,950. Lakini uzito wa minada haukuwa sawa. Mnada wa kwanza umemletea shilingi 840,000, wa pili 180,000. Jumla ni 1,020,000 kwa kilo 500, yaani shilingi 2,040 kwa kilo. Tofauti ni shilingi 90 kwa kilo, nayo kwa kilo 500 ni shilingi 45,000. Mwanachama akilipwa kwa jawabu la haraka, fedha hiyo itapotea pasipo mtu kuiba, na asijue wa kumlaumu.

Kwa hiyo twawashauri vijana, pamoja na wale wanaosoma katika kampasi ya Mtwara ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, wasikimbilie kanuni. Kwanza na waandike swali lataka nini. Pili, waandike kila tarakimu pamoja na kipimo chake: kilo, gunia, shilingi, au shilingi kwa kilo. Tatu, waulize tarakimu hiyo ilipatikanaje, na bambo lilichomwa wapi. Nne, wakiisha pata jawabu, walirudishe nyuma waone kama lakubali, kama alivyofanya mwalimu wa mirathi. Jawabu lisilokaguliwa ni uvumi ulioandikwa kwa kalamu.

NENO LA MWISHO

Chama chetu kimejenga maghala na kununua mizani. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kuwa katika kila chama cha msingi, kutoka Msimbati hata vijiji vya uwanda wa Makonde, wako wanachama wa kawaida, wake kwa waume, wanaoweza kuchukua karatasi ya malipo, kutazama bei ya mnada, kutoa ushuru, usafiri na gharama za ghala, na kufikia jumla ile ile aliyoifikia karani. Karani mwaminifu atafurahi, kwa kuwa ushahidi wa uaminifu wake utakuwa mikononi mwa watu wengi. Asiye mwaminifu atatafuta kazi nyingine.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho hapana budi kipimwe, kiandikwe, na kisomwe mbele ya wenye mali. Mkutano mkuu ujao mwanachama akisimama na kuuliza, "Tarakimu hii imetoka wapi?", asionekane mkorofi. Apewe nafasi, na ajibiwe kwa hesabu.