Sumu iliyo ndani ya kisamvu haioshwi kwa maji

MPISHI wa Wete au Konde akishachuma kisamvu hukiosha, hukitwanga na kukipika kwa tui la nazi, akiamini kwamba uchafu wa shambani umebaki kwenye maji ya kuoshea. Kwa vumbi imani hiyo ni sahihi. Kwa dawa iliyopulizwa juu ya majani husaidia kwa kiasi. Lakini ipo jamii ya viuadudu ambayo maji hayaiondoi, kwa kuwa sumu yake haikai juu ya jani bali ndani yake, na hata kuchemsha si dhamana.

Viuadudu hivyo, ambavyo wataalamu huviita vya kimfumo, hufyonzwa na mizizi, mbegu au majani, kisha huchukuliwa na maji ya mmea hadi kwenye machipukizi. Mdudu anayefyonza utomvu au kutafuna jani hula sumu pamoja na chakula chake.

Faida yake si ndogo. Vidukari wanaojificha chini ya majani na viwavi waliokwisha kutoboa bua hawafikiwi kwa urahisi na dawa ya kugusa. Mbegu ya mahindi iliyopakwa dawa ya aina hii huulinda mche kwa wiki kadhaa, hata mvua za masika zikinyesha.

Dawa za mwanzo za namna hiyo zilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1940 na mkemia Gerhard Schrader. Karbofurani ilifuata katika miaka ya 1960, na imidaklopridi, inayoiga nikotini ya tumbaku, iliingia sokoni mwaka 1991.

Kisiwani Pemba suala hili linagusa zaidi muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, ni wa hila. Shina linaweza kuonekana zima hadi siku ya kuvuna, kumbe muhogo ukikatwa una mabaka makavu ya kahawia usiweze kuliwa. Virusi vyake husambazwa na nzi weupe, na kwa kuwa nzi hao hufyonza utomvu, mkulima huona dawa ya kimfumo kuwa ndiyo jibu.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina kasoro. Nzi mweupe huhitaji dakika chache tu za kufyonza ili kuambukiza virusi. Sumu humuua akiwa amekwisha kufanya kazi yake. Aidha, ugonjwa huingia shambani kwa kiasi kikubwa kupitia vipando vyenyewe, na hakuna kiuadudu kinachotibu virusi. Ndiyo maana Zanzibar ilichukua njia nyingine: mwaka 2007 ilitoa aina nne za muhogo zenye kustahimili ugonjwa huo, ambazo ni Kizimbani, Machui, Mahonda na Kama.

Kibandiko cha kiuadudu hutaja siku ambazo mkulima anapaswa kusubiri kati ya kutia dawa na kuvuna. Kwa mahindi agizo hilo hutekelezeka. Kisamvu, kinachochumwa kila baada ya siku chache kwenye shina lile lile, hakina nafasi ya kusubiri.

Liko pia suala la maji. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde membamba. Dawa inayoyeyuka kwenye maji, ikitiwa kwenye udongo wa mteremko, inaweza kuteremka na mvua hadi kwenye bonde la mpunga. Nyuki nao hufikiwa kupitia chavua na asali ya maua. Kutokana na hatari hiyo, Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2018 kuzuia imidaklopridi na wenzake wawili, klothianidini na thayamethoksamu, wasitumike tena kwenye mashamba ya wazi.

Karbofurani ina historia mbaya zaidi katika Afrika Mashariki. Mwaka 2009, baada ya habari za simba kuuawa kwa sumu hiyo nchini Kenya, kampuni ya Marekani ya FMC iliyokuwa ikiitengeneza ilitangaza kuiondoa katika soko la huko. Mwaka 2017 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaozitaka nchi zitoe ridhaa kabla ya kupelekewa kemikali hatari.

Kilimo si jambo la Muungano, hivyo anayetaka kujua dawa ipi inaruhusiwa Pemba hapaswi kutegemea orodha ya Bara. Wa kuulizwa ni maofisa wa Wizara ya Kilimo ya Zanzibar. Ama kwa muhogo, kinga huanza siku ya kuvuna: hukatwa muhogo wote wa shina moja, na ukionekana mweupe mpaka katikati, bila hata doa moja, ndipo miti yake huwekwa kando kwa ajili ya vipando. Shina lenye doa halitolewi vipando, hata likiwa limezaa sana.