Leigh Brackett, mwanamke aliyewapa makauboi maneno

Mwaka 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru, kumbi za sinema za Marekani zilibandika neno la Kiswahili milangoni: Hatari! Ilikuwa picha ya John Wayne, iliyopigwa Arusha na Momella, chini ya Mlima Meru, juu ya watu wanaokamata wanyama pori wazima na kuwapeleka kwenye bustani za wanyama. Wayne anakumbukwa mpaka leo. Howard Hawks, mwongozaji wake, ameandikiwa vitabu. Aliyeandika skripti hatajwi sana, na wengi wanaokutana na jina la Leigh Brackett hudhani ni mwanamume.

Hata Hawks alidhani hivyo. Brackett alizaliwa Los Angeles tarehe 7 Desemba 1915, na mwaka 1940 akaanza kuuza hadithi kwenye majarida ya bei chee: safari za sayari ya Mirihi, majambazi wa anga, miji iliyokufa. Mwaka 1944 akatoa riwaya ya upelelezi, No Good from a Corpse. Hawks akaisoma, akapenda jinsi wahusika wake wanavyojibizana, akaagiza atafutwe huyo bwana Brackett asaidiane na William Faulkner kuandika skripti ya The Big Sleep. Akaingia ofisini mwanamke kijana. Hawks akamchukua hivyo hivyo.

Picha hiyo ilitokana na riwaya ya Raymond Chandler; Faulkner aliigawa sura kwa sura, hizi zako, hizi zangu, kisha kila mmoja akajifungia chumbani kwake. Kwa kuwa Brackett alikuwa katikati ya hadithi nyingine, alimkabidhi rafiki yake Ray Bradbury aimalizie. Ikachapishwa mwaka 1946 kwa majina yao wote wawili.

Picha za kauboi zilimjia baadaye, na humo ndimo alimokomaa. Mwaka 1959 ilitoka Rio Bravo, aliyoiandika pamoja na mkongwe Jules Furthman. Dakika za mwanzo hakuna anayesema kitu. Dude, mlevi aliyechezwa na Dean Martin, anaingia baa akiwa na kiu na mfuko mtupu. Jambazi mmoja anamwonyesha sarafu, anacheka, anaitupa ndani ya chombo cha kutemea mate. Dude anainama ili aitoe kwa mkono. Mguu unatokea na kukipiga teke kile chombo: ni rafiki yake wa zamani, sherifu Chance, yaani Wayne, anayemtazama kutoka juu. Mtazamaji ameshajua kila kitu kuhusu watu hawa wawili. Mwandishi mwingine angetuchosha kwa kurasa kumi za maelezo.

Baada ya hapo maneno yanaanza, na ni matamu kweli: kilema mzee anayelinda mahabusu huku akinung'unika kutwa, mwanamke mcheza karata anayemzidi sherifu maneno mpaka anakosa la kujibu. Watu huiweka Rio Bravo kwenye fungu la picha za bunduki. Mimi naiona ni komedi ya watu wanne waliofungiwa ndani ya jela wakisubiri kushambuliwa, na kwa kusubiri wanajifunza kutegemeana.

Ukiijua Rio Bravo, umeshaijua Hatari! kwa nusu. Kikosi kidogo, kazi inayoweza kuua, mwanamke mgeni anayeingia na kuvuruga mpangilio, mchekeshaji pembeni. Jela imegeuka kambi ya Momella, na jambazi amegeuka kifaru. Hawks alitaka waigizaji wenyewe wawakamate wanyama, kwa hiyo unamwona Wayne amefungwa kwenye kiti juu ya madigadi ya mbele ya lori, mkononi mti mrefu wenye kitanzi, gari likikata mbuga bega kwa bega na mnyama. Kifaru hasomi skripti. Hadithi ikabidi ifuate kile kamera ilichofanikiwa kukinasa.

Lililo la Brackett hasa ni utu katikati ya vurugu ile. Pockets, dereva mwoga anayechezwa na Red Buttons, anatengeneza roketi ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa tumbili. Roketi inapoondoka amefumba macho. Ushindi mkubwa wa maisha yake hakuuona! Usiku anakaa na chupa, akiwasihi wenzake wamsimulie tena ilivyokuwa. Na mwishoni, tembo wadogo watatu wanapita mitaa ya Arusha mbio wakimtafuta mwanamke aliyewalea. Kasoro yake niitaje pia: wenyeji hawakupewa mengi ya kusema. Ni picha ya wageni, kuhusu wageni, katika nchi yetu.

Mwaka uliofuata alitoa riwaya ya Follow the Free Wind, juu ya James Beckwourth, mtoto wa mama mtumwa aliyekwenda kuishi na watu wa kabila la Crow. Ilimpatia tuzo ya Spur ya waandishi wa hadithi za Magharibi ya Marekani.

Kisha yakamkuta ya El Dorado, picha nyingine ya Hawks. Brackett aliandika skripti ya majonzi, na baadaye alisema hakuwahi kuandika iliyo bora kuliko ile. Hawks akaiweka kando, akataka Rio Bravo irudiwe. Brackett alibishana naye, akashindwa, akaandika alichotakiwa. El Dorado inachekesha na inapendeza, lakini kila ninapoitazama naifikiria ile nyingine, ambayo hakuna aliyeiona.

Mwanzoni mwa 1978 alimkabidhi George Lucas rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back, huku saratani ikimmaliza. Alifariki tarehe 18 Machi mwaka huo, akiwa na miaka 62. Rasimu ilibadilishwa sana na Lucas na Lawrence Kasdan, lakini picha ilipotoka mwaka 1980 jina la Leigh Brackett lilikuwepo kwenye orodha ya waandishi, na halijaondolewa.