Michezo ya video na matatizo halisi: Funzo kwa Voi

Wazazi wengi humwona kijana aliyekodolea macho mchezo wa video kuwa anapoteza wakati. Hofu hiyo haikosi msingi, kwani mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha uraibu wa michezo hiyo kuorodheshwa miongoni mwa maradhi. Hata hivyo, ipo mifano inayoonyesha kwamba mchezo ulioundwa kwa lengo maalumu waweza kusaidia kutatua matatizo ya kweli.

Mfano mmojawapo ni Foldit, mchezo uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2008. Mchezaji hukunja umbo la protini kwenye kompyuta na kupata alama kadiri umbo hilo linavyokuwa imara. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wachezaji, katika muda wa wiki 3, walikuwa wamewapa wanasayansi kielelezo kilichowawezesha kubaini umbo la kimeng'enya cha virusi vinavyosababisha ugonjwa unaofanana na Ukimwi kwa kima. Wataalamu walikuwa wamelitafuta kwa zaidi ya miaka 10.

Nchini Kenya, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, lilianza mwaka 2012 kutumia mchezo wa Minecraft kupanga maeneo ya umma. Uwanja wa michezo wa Silanga, mtaani Kibera, ulikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Manufaa yake ni kwamba mkazi asiyeweza kusoma ramani ya mhandisi huweza kujenga kwenye skrini kile anachokitaka, na wengine wakakiona na kukijadili.

Hapo ndipo penye funzo kwa Taita Taveta, kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo katika mbuga za Tsavo. Ndovu huvamia mashamba na kumaliza mahindi kwa usiku mmoja. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa katika misimu mizuri ya mazao ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia, lakini ukame ulipopunguza nyuki, ufanisi nao ulishuka.

Ua hulinda shamba moja. Haliamui njia ya ndovu, bwawa la maji na makazi mapya yawe wapi. Uamuzi huo wa pamoja ndio unaoweza kunufaika na mbinu ya Kibera, kwa kuwa wanaozijua njia za ndovu ni wakulima wanaokesha mashambani.

Mchezo wenyewe hausimamishi nguzo wala kumlipa fidia aliyepoteza mavuno. Thamani yake hutegemea iwapo mwenye mamlaka ya kupanga ardhi atayatekeleza yaliyokubaliwa na wanakijiji.