Pakua, pakia, andika: kuhamishia faili kwenye bodi

pakua kt [ele] 1 toa shehena katika chombo kama meli au lori. 2 toa chakula chunguni na kukitia katika sahani. 3 (kompyuta) leta faili kutoka seva kwa njia ya mtandao. Kinyume: pakia.

Pakua hutendua pakia, kama zibua inavyotendua ziba. Lori likipakiwa muhogo Kisarawe na kupakuliwa Maili Moja, Kibaha, msikilizaji hahitaji kuelezwa mzigo umetoka wapi, kwa kuwa chombo ni kimoja. (Wabebaji wenyewe husema zaidi kushusha, na vijana wameuchukua msemo huo kwa nyimbo na video. Si kosa, ila maandishi ya ufundi yamekwisha kuizoea pakua.) Utata huanza vyombo vinapokuwa viwili, kompyuta na bodi ya kielektroniki, na kila kimoja kikaweza kudhaniwa kuwa ndicho lori.

Mfano mzuri ni bodi inayotumia U-Boot, programu ndogo ya kuiamsha bodi kabla ya mfumo endeshi, ambayo mafundi huiita butiloda. Kwa amri ya tftpboot, bodi hutuma ombi la kusoma faili kwa itifaki ya TFTP. Seva hujibu kwa vipande vya baiti 512, isipokuwa pande mbili zimekubaliana ukubwa mwingine, na haitumi kipande kipya kabla bodi haijakiri kupokea kilichotangulia. Anayeomba, basi, ni bodi, na sentensi sahihi ni hii: Bodi inapakua faili kutoka kwenye kompyuta. Anayeandika kwamba kompyuta inapakia faili kwenye bodi humfanya msomaji atafute kosa katika amri za kompyuta, ilhali kompyuta inangoja tu kuulizwa.

Maneno yakikaa mahali pake, hitilafu nazo husomeka. Bodi ikieleza kwamba majaribio ya ARP yamekwisha, haijamwona hata mwenzake: waya haujashika, au anwani zilizo katika ipaddr na serverip haziko katika mtandao mmoja. Ikichapa herufi T moja baada ya nyingine, muda wa kungoja unapita bila vipande kufika. Hapo huenda seva haijawashwa, au ukuta wa moto wa kompyuta umeziba njia. Kufungua mlango 69 peke yake huenda kusitoshe, maana ombi huingia kwa mlango huo lakini seva hujibu kwa mlango mwingine. Ikisema faili haipo, mawasiliano ni mazima. Kosa liko katika jina la faili, hata tofauti ya herufi kubwa na ndogo, au katika folda ambayo seva inaisoma.

Tofauti nzito zaidi ni ya pakua na andika. Faili iliyopakuliwa hukaa katika kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika hupotea bila madhara. Kuiandika ni kuihamishia katika kumbukumbu ya kudumu ya flashi, baada ya kufuta kilichokuwamo. Maelekezo yasemayo “pakia programu kwenye bodi” huzifunika hatua hizo mbili kwa kitenzi kimoja, na mwanafunzi huandika kabla ya kukagua. Baina yake kuna hatua ya tatu: kulinganisha ukubwa uliohifadhiwa katika filesize, ambao U-Boot huuandika kwa msingi wa 16 wala si wa 10, na kupima faili kwa crc32. Faili pungufu ikiandikwa juu ya U-Boot yenyewe, bodi huenda isiamke tena mpaka ipatikane njia nyingine ya kuifikia, kwa mfano kifaa cha JTAG.

Isiyofaa: Pakia faili kwenye bodi, kisha uiwashe upya.
Inayofaa: Pakua faili kutoka seva, ikague, iandike katika flashi, kisha uiwashe bodi upya.

Linganisha: nakili, sakinisha, shusha.