Njia ya Papasi

Mpwa wangu anasoma Connecticut, Marekani. Usiku mmoja wa mwezi wa sita alinipigia simu, na baada ya shikamoo tu akasema, "Mjomba, nimetoa kupe nyuma ya goti." Alikuwa ametoka msituni siku hiyohiyo. Kule, kupe akitajwa, watu huwaza ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa jimbo lilelile. Nikamuuliza amemtoaje. Alimbana kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akavuta taratibu bila kumkamua, akanawa kwa sabuni. Nikashusha pumzi. Kupe wa kule kwa kawaida hana budi kuganda zaidi ya siku nzima ndipo aambukize. Nikamwambia aitazame ngozi mwezi mzima. Doa jekundu likianza kutanuka au homa ikija, asisubiri, kwa maana dawa ikiwahi, huponya.

Alilala yeye, mimi sikulala. Nilikulia Ugogo, ndani ya tembe, na hofu yetu haikuwa kupe wa porini. Ilikuwa papasi wa sakafuni. Bibi alikuwa akimwaga maji ya moto kwenye nyufa, kisha anazikandika udongo mpya. Papasi hagandi mwilini siku nzima kama kupe. Hutoka ufani usiku, hunyonya nusu saa hivi au chini ya hapo, akarudi kujificha hujaamka bado, na anaweza kukaa miaka bila kula. Siku kadhaa baadaye homa inapanda, inashuka, unasema umepona, inapanda tena. Mjamzito na mtoto mchanga ndio huumia zaidi.

Nikaamua kuifuata njia ya mdudu huyu kinyumenyume. Ukitoka Bagamoyo, unapita Mpwapwa na Ugogo, unafika Tabora, unashuka Ujiji, unavuka ziwa mpaka Kasongo, Manyema. Ndiyo njia ya misafara ya pembe na watumwa. Wapagazi walilala kambi zilezile, msafara baada ya msafara, kwenye vibanda vya udongo. Papasi hakuwa na haja ya kutembea: chakula kilimjia kwa miguu. Na aliyejibana ndani ya mkeka au mzigo alichukuliwa bure hadi kambi ya mbele.

Mwaka 1905 Robert Koch, Mjerumani ambaye mwaka huohuo alipata Tuzo ya Nobel, aliwachunguza papasi wa barabara za misafara kutoka Dar es Salaam kwenda bara. Alivikuta vijidudu vyembamba vilivyojisokota mpaka ndani ya mayai yao; yaani mama huwarithisha wanawe ugonjwa. Aliwakuta papasi hata katika vijiji vilivyo mbali na barabara. Wenyeji watu wazima hawakuumwa sana, na maelezo yake yalikuwa kwamba waliupata utotoni. Mimi nasoma maelezo hayo nikiwafikiria watoto ambao hawakuufikia utu uzima.

Wakati huohuo madaktari Philip Ross na Milne walikuwa wakiufuatilia ugonjwa huu Uganda, na Joseph Dutton na John Todd, waliotumwa kutoka Liverpool, walikuwa Kongo. Todd na Dutton walithibitisha kwamba papasi ndiye mwambukizaji. Wote wawili waliugua. Todd alipona. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, katika mji uliokuwa ngome ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambako Kiswahili kingali kinazungumzwa. Kimelea kikaitwa Borrelia duttonii, na namheshimu kwa hilo. Ila wapagazi waliotetemeka kwa homa ileile miaka mingi kabla yake hawamo katika jina la kimelea chochote.

Njia haikuishia Kasongo. Huko Basel, Uswisi, Profesa Rudolf Geigy, ambaye mwenyewe alikuja Tanganyika kuwatafuta papasi majumbani na baadaye akaanzisha maabara Ifakara mwaka 1957, alimpa mwanafunzi wake Willy Burgdorfer kazi ya kuwapasua papasi na kufuatilia Borrelia ndani ya miili yao. Kijana akahamia Montana, Marekani. Mwaka 1981, zaidi ya miaka 5 baada ya akina mama wa Lyme kulalamika kwamba watoto wao wanavimba viungo, alipasua kupe kutoka jimbo la New York. Tumboni mwao akaona vile vilivyojisokota. Alivijua mara moja. Ujana wake wote alivitazama ndani ya papasi wa Afrika. Matokeo yalichapishwa 1982, na kimelea cha Lyme kinaitwa Borrelia burgdorferi.

Papasi wetu, basi, ndiye aliyemfundisha mtu kuuona ugonjwa anaouogopa mpwa wangu. Na kwetu? Mgonjwa wa homa hupimwa malaria kwa kipimo cha haraka. Kipimo hicho hakimwoni Borrelia. Tone lilelile la damu chini ya hadubini lingeweza kumwonyesha, kama yupo wa kutazama.

Mpwa wangu alinitumia picha ya goti kila Jumapili kwa wiki nne. Ngozi safi. Katika ya mwisho aliuliza kama tembe ya bibi ingalipo.

Ipo. Sakafu ni ya udongo uleule.